Damu ya Wanawake Wazima

Siku ya kuniaga, mliponivisha kitenge na kuniimbia pale maabara, mmoja wenu alisema, "Mama Aika, tuandikie kidogo mambo ya kazi, tusije tukarudia makosa yenu." Sasa nipo nyumbani, kuku wameanza kuzoea kuniona mchana, na nimeona niandike kabla sijasahau makosa hayo yalikuwa ya nani. Mengi, kwa kumbukumbu zangu, yalikuwa ya wengine.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Za vyeo zinachosha, na za mishahara ni fupi mno. Nitaandika kuhusu damu.

Siku ya kwanza nilishuka mjini Moshi kutoka kijijini kwetu, juu ya Marangu, nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana vidole. Nilipokelewa na Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Majengo, mkubwa wa chumba cha kutolea damu. Alikuwa mama mfupi, mtandio mweupe kichwani, na sauti iliyokuwa ikifika wodi ya wazazi bila simu.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Umeshamtoa damu nani?"

Nikamwambia chuoni tulikuwa tunatoana wenyewe kwa wenyewe.

"Basi leo utanitoa mimi."

Akakaa, akakunja gauni mpaka juu ya kiwiko, akaufunga mpira mkononi mwake yeye mwenyewe. Mkono ulikuwa mnene, unaong'aa mafuta ya nazi, na sikuona mshipa hata wa dawa. Nikainama. Nikasogea dirishani. Nikainama tena.

"Unatafuta kwa macho," akasema. "Macho ya nini? Umepoteza shilingi? Tia kidole."

Nikapapasa taratibu, na kweli, chini kabisa nikakutana na kitu laini kinachorudi ukikibonyeza. Nikachoma. Damu ikapanda kwenye bomba la sindano, nami nikashusha pumzi kama niliyetua tenga la ndizi.

"Haya, sasa niambie pole."

"Lakini hujalia, Bi Mwanaidi."

"Nimekuuliza kama nimelia?"

"Pole."

"Ahsante. Kesho njoo na viatu vya maana."

Nawaandikia hili kwa sababu nimeona vijana hodari wa mashine ambao hawajawahi kumwambia mtu pole. Wanachoma vizuri, lakini mgonjwa akirudi anaomba achomwe na mwingine.

Bi Mwanaidi alinifundisha mengi ambayo chuoni hawakuyataja. Wanawake wa mlimani wanaoteremka asubuhi na mapema mishipa yao imejikunja kwa baridi. Usihangaike na sindano, funga mkono kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, halafu muulize habari za ng'ombe. Kwa mama wa Majengo uliza habari za watoto. Kwa mtu wa Kahe uliza maji ya mfereji yamefika shambani kwake au yamekatwa na wa juu, kisha kaa tayari, maana atazungumza mpaka umalize kutoa damu na kuifungia. Mashine yetu ya kuzungusha damu ilikuwa ya zamani, inanguruma kama trekta, na usipoisawazisha mirija, inatembea yenyewe mezani. Tuliikalisha juu ya kipande cha godoro. Mgeni mmoja kutoka wizarani aliwahi kuuliza kipande kile kimetengenezwa nchi gani. Bi Mwanaidi akamjibu, "Soko la Majengo," na mgeni akatikisa kichwa kwa heshima.

Bi Mwanaidi alistaafu, nami nikabaki na kiti chake. Nikazeeka kwenye kiti hicho, nikivumilia umeme kukatika na vijana kama ninyi. Halafu, miaka michache kabla sijamaliza, ukaja utafiti ule wa matumbo ya akina mama.

Alikuja nao daktari mmoja wa Ulaya, mwanamke mrefu aitwaye Karin, mwenye uso ulioiva jua kama nyanya ya Kahe. Mwenzake wa hapa alikuwa Dokta Lyimo, kijana wetu, msomi, mtu wa tai hata kwenye vumbi. Wakatuketisha, wakatueleza. Kila mtu, awe mzima au mgonjwa, ana bakteria wengi mno utumboni, na walio wengi hawana ubaya wowote, wanatusaidia hata kusaga chakula. Mwili unawajua majirani zake hao. Unatengeneza kingamwili, yaani walinzi wadogo ndani ya damu, wanaoitambua kila aina ya bakteria ili isivuke mpaka wake. Swali lilikuwa hili: mwanamke mzima wa Kahe, mwanamke mzima wa mlimani, na mwanamke mzima wa kule kwao Karin, je, walinzi hao wanalingana?

"Kwa nini wazima?" nikauliza. "Wagonjwa wapo tele."

"Kwa sababu hatujui mzima wa hapa anakuwaje," Karin akanijibu kwa Kiswahili chake cha polepole. "Tukimpima mgonjwa wa Moshi, tunamlinganisha na mzima wa kwetu. Si haki."

Nikampenda siku hiyo hiyo.

Ila kumpata mwanamke mzima, ndugu zangu, ni kazi. Ukimuuliza mama wa Kahe kama ana tatizo lolote la afya, anaanza na goti, anapanda kiunoni, anapitia kwa mume wake, na anamalizia na meno. Ukimuuliza wa mlimani anasema, "Mimi mzima kabisa, Mungu ni mwema," huku ameshika ubavu na anahema, kwa sababu amesikia kuna chai na maandazi. Wa kwanza tuliwahesabu wagonjwa kumbe wazima. Wa pili kinyume chake. Tuliwapima wote upya, wingi wa damu, malaria, kila kitu, na waliokutwa wanaumwa tuliwapeleka kutibiwa.

Kwa upande wa Kahe tusingefanikiwa bila Halima. Alikuwa mjane, anaishi Kahe lakini siku za gulio anapika Himo, karibu na njia panda, chini ya banda la mabati. Machalari yake watu walikuwa wanayafuata kutoka Tarakea: ndizi zimelainika lakini hazijavurugika, nyama ina moshi kidogo. Aliposikia habari zetu alikunja mkono wa kwanza, akageuka kwa majirani zake waliokuwa wanasitasita, akawaambia, "Mbu wanawanywa kila siku hawawasalimii. Huyu dada amewasalimia." Wakaja wote.

Kwa upande wa mlimani nilimtumia wifi yangu Ndeshi, dada wa mume wangu. Ndeshi ni kiongozi wa kwaya ya akina mama, na kwa usafi hana mpinzani. Ua wake unafagiwa mpaka udongo unakonda. Mgeni akiingia, Ndeshi anaangalia viatu kwanza, uso baadaye. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuosha sufuria akaridhika nayo. Alitoa damu akiwa amevaa gauni la kanisani.

Tukaanza kupima. Mnazijua sahani zile za plastiki zenye vishimo vidogo: unatia tone la maji ya damu, unasubiri, unaosha, unatia dawa, unasubiri tena, na kishimo chenye kingamwili nyingi kinageuka njano iliyokolea. Karin alijitoa damu yeye mwenyewe, nami nikajitoa yangu, tukazitumia kujaribia sahani. Yangu ilikuja njano kama mchuzi wa bizari. Yake ilikuja kama chai aliyopikiwa mgeni asiyetakiwa.

"Dokta," nikamwambia, "wewe na bakteria wako hamjatambulishwa?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini tulivyoendelea ndivyo kicheko kilivyogeuka kuwa kazi ya maana. Akina mama wetu wengi walikuwa na kingamwili za juu, na wenzao wa Ulaya za chini, na wote walikuwa wazima. Mwanzoni Karin alidhani labda wetu wana maradhi yaliyojificha. Yeye na Dokta Lyimo walibishana wiki nzima, wakarudia vipimo, wakachunguza upya afya zao, mpaka wote wawili wakakubaliana: hawaumwi. Miili yao imekutana na bakteria wengi zaidi tangu utotoni, kwenye maji, udongo, mifugo, na ikajifunza kuishi nao. Na tofauti ya Kahe na mlimani ilikuwa ndogo, si ya kusimulia.

Hapo ndipo Dokta Lyimo akaenda Himo kuwapa viongozi wa kata habari njema.

Alitaka kurahisisha. Ni nia nzuri, na imeponza watu wengi. Badala ya kusema bakteria wa utumbo, akasema "vijidudu hivi vya chooni." Badala ya kuanza na mlimani, akaanza na Kahe: "Kwa mfano akina mama wa Kahe, viwango vyao viko juu sana." Kabla hajafika mlimani, mvua ikapiga bati, watu wakatawanyika, na kikao kikaishia hapo.

Wifi yangu, kama kiongozi wa kwaya, alikuwa kwenye kikao hicho. Akiwa njiani kurudi alirekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la kwaya. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka. "Wapendwa, Bwana asifiwe. Madaktari wamepima, wamekuta wanawake wa Kahe wamejaa vijidudu vya chooni mpaka kwenye damu. Nawatahadharisha kwa upendo. Mnaokula pale Himo kwa yule wa machalari, mjue." Kwa upendo kabisa.

Siku ya gulio iliyofuata, Halima alirudi nyumbani na sufuria zimejaa.

Alikuja maabara siku mbili tatu baadaye. Sikumtambua haraka, kwa sababu nilizoea kumwona akicheka. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mama Aika, mliniambia mnatafuta wazima."

"Ndiyo, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Nilikupa mkono wangu. Nikakuletea majirani. Leo watu wanapita mbele ya banda langu wameziba pua. Mteja wangu wa siku zote, dereva wa lori, amenunua mikate mikavu dukani akala amesimama, ananiangalia. Mimi vyombo vyangu nasugua kwa majivu, halafu sabuni, halafu maji ya moto. Mama yangu alinifundisha hivyo na yeye alipika mpaka anakufa. Sasa niambie wewe uliyeichukua hiyo damu. Mimi ni mchafu?"

Nilitaka kumwambia mambo ya walinzi na majirani. Nikaona, yatamsaidia nini? Nikamshika mkono nikampeleka kwenye meza, nikamwonyesha sahani iliyokuwa na vishimo vyangu.

"Hii njano ni mimi," nikasema. "Mimi mwenyewe. Ya kwako iko hivi hivi. Haitokani na sufuria wala mikono. Mwili wako unawajua wanaoishi tumboni mwako, basi. Na kila mtu anao tumboni, hata askofu."

Akaangalia muda mrefu. "Kwa hiyo na wewe unao."

"Tele."

"Sasa mbona wewe hawakuzibii pua?"

Akakaa, ndipo akalia, na mimi nikamwambia pole, na ilikuwa pole ndogo kuliko zote nilizowahi kusema kazini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta Lyimo. Namsifu kwa hili: hakujitetea. Alilegeza tai, akasema, "Siku ya gulio tunakwenda." Karin naye akasema anakwenda, ila akatuwekea sharti moja, kwamba majibu ya mtu hayatajwi na mtu mwingine. Kila mama atataja ya kwake akitaka. Sharti hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeona majibu ya wifi yangu.

Himo siku ya gulio mnaijua. Dokta Lyimo hakuwa na kipaza sauti, akaazima cha muuza sumu ya panya, akapanda juu ya kreti ya soda. "Ndugu zangu," akaanza, na kipaza sauti, kwa mazoea yake, kikamalizia, "kunguni, mende, viroboto!" Watu wakaangua kicheko, na kwa kweli kicheko hicho kilitusaidia, kwa sababu walisogea. Akasema wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea maneno. Akasema akina mama wa Kahe ni wazima, wa mlimani ni wazima, na viwango vyao karibu sawa. Akanipa kipaza sauti. Nikasema, "Mimi nimezaliwa juu ya Marangu, naoga kila siku, na zangu ziko juu. Anayetaka kunizibia pua aje."

Karin naye alikaa kwenye benchi la Halima, akaomba sahani ya machalari, akala. Sasa niwaambie ukweli. Tumbo la Karin lilikuwa limeshampigisha mbio kwa saladi ya hoteli aliyofikia, tena hoteli ya maana. Nikawaza, akikimbia leo, Halima amekwisha. Akaomba sahani ya pili. Nikamnong'oneza, "Dokta, inatosha." Akanijibu mdomo umejaa, "Nzuri." Akaimaliza, akakaa pale mpaka jioni, mzima kama chuma.

Baadhi ya wateja walirudi siku ile, yule dereva wa lori wa kwanza. Lakini wengi hawakurudi. Sauti ya wifi yangu ilikuwa bado inazunguka. Ilishafika Rombo, ilishafika mpaka Dar kwa watoto wa watu, na kila ilipofika iliaminiwa, kwa sababu Ndeshi anajulikana kwa usafi.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta kihambani kwake, shamba la nyumbani, anafagia majani ya migomba kama yamemkosea. Hakunikaribisha kiti. Alikuwa amesikia habari za Himo.

"Wifi," akasema, "mmenifanya niitwe mwongo."

"Nani amekuita mwongo?"

"Hakuna. Ndiyo mbaya zaidi. Wananiangalia tu." Akaegemeza fagio. "Nataka majibu yangu. Ni haki yangu, si ndivyo mlivyosema?"

"Ni haki yako. Unayataka kweli?"

"Nayataka niwasomee kwaya. Sema."

Nikamwambia. Za kwake zilikuwa juu. Juu kuliko za kwangu, na mimi nilikuwa nimeshakuwa mchuzi wa bizari.

Ndeshi alikaa chini. Chini kwenyewe, kwenye udongo, na gauni la kanisani. Sijawahi kumwona amekaa chini miaka yote hiyo.

"Mimi?" akasema. "Na ninavyofagia?"

"Ufagio haufiki huko, wifi. Na hakuna ubaya. Wewe ni mzima, umetuzidi wote."

Nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa hamu, kwa ajili ya sufuria zote zile. Ilipofika sikuifurahia nilivyotarajia. Alikuwa anaangalia mikono yake, mbele na nyuma.

"Yule mama anapika tangu lini pale?" akauliza.

"Tangu alipofiwa na mume."

"Ana watoto?"

"Wanne."

Akatoa simu, akaifuta ile sauti. Nikamwambia kwamba kwenye simu za watu bado ipo. "Najua," akasema. "Sijawa mjinga." Akainuka, akajipangusa, akaenda mpakani mwa shamba, akakata jani la sale. Ninyi wa kuja mtauliza. Kwetu mlimani, mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo anakuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Mimi mwenyewe nimewahi kuliona mara chache sana, na mkononi mwa Ndeshi sikuwahi kuliona kabisa.

Siku ya gulio nilimsindikiza. Alivaa vizuri, akalishika jani mbele yake kama mshumaa, akapita katikati ya Himo nzima, na wanakwaya wawili waliokuwa wananunua mahindi wakamwona wakaacha kununua. Mbele ya banda la Halima akasimama.

"Mimi ndiye mwenye ile sauti," akasema, na hakuipunguza. "Nilisema jambo la uongo juu yako. Na za kwangu, hizo walizopima, ziko juu. Ziko juu sana. Naomba unisamehe."

Halima alikuwa anamenya ndizi, ndoo nzima iko mbele yake. Hakuinuka. Alimwangalia wifi yangu kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni, taratibu, kama Ndeshi anavyowaangalia wageni. Mwishowe akapokea lile jani, akalichomeka kwenye nguzo ya banda, mahali kila anayekuja kula angeliona.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini wateja wangu mimi siwezi kuwasamehesha. Umenifukuzia watu; utanirudishia." Akamsukumia kigoda kwa mguu. "Kaa hapo mbele, watu wakuone. Shika kisu. Umenye, upike, uonje. Na sauti yako, nasikia unaimba?"

"Naimba," Ndeshi akasema kwa unyonge.

"Basi imba."

Wifi yangu akakunja mikono ya gauni, akanawa, akakaa. Alimenya ndizi ya kwanza, na ngozi ilipoanguka chini akainama kuiokota.

"Acha," Halima akasema. "Tutafagia baadaye. Sote wawili."

Ndeshi akaiacha pale pale ilipoangukia, akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimba.